Dakika tano kwenye zamu: shajara ya mafunzo kazini, wodi ya wazazi

Januari, wiki ya pili

Kamati ya uendeshaji imeupitisha mradi. Tunachotaka ni hiki: kila anayeshika zamu katika chumba cha kujifungulia, awe mkunga, daktari au mhudumu wa afya, awe na mikono inayojua la kufanya mtoto anapozaliwa hapumui, na ujuzi huo ubaki wodini hata watu wakihama.

Mafunzo si kitu kigeni kwetu. Mafaili ya watumishi yamejaa vyeti. Kinachouma ni kinachofuata baada ya cheti. Mtu anarudi kutoka semina Morogoro au Dodoma akiwa na ari, anawasimulia wenzake siku mbili tatu, kisha kazi inammeza. Miezi inapita, mtoto anazaliwa amelegea, na yuleyule aliyefaulu vizuri anapapasa mezani akitafuta barakoa ya ambu, ule mfuko wa kuminywa wa kumpa mtoto hewa. Huo si uzembe. Watoto wengi hulia wenyewe wakishafutwa na kusuguliwa mgongo. Wanaohitaji kupewa hewa kwa ambu ni kama 3 hadi 6 katika kila 100. Ukiwagawa hao kwa zamu zote na wakunga wote, mtu anaweza kupitisha wiki nyingi hajaishika ambu kwa mtoto wa kweli. Siku anayoihitaji, mkono umeshasahau.

Wiki hii tumepima hali ilivyo. Tumempitia kila mmoja akiwa kazini, bila taarifa, tukamwekea mdoli mezani na kumwambia: "Amezaliwa sasa hivi, halii." Kwa mdomo, karibu wote wanazijua hatua: mfute, mtie joto, msugue mgongo, safisha njia ya hewa kama kuna uchafu, kata kitovu, mpe hewa. Mikono ndiyo iliyobaki nyuma. Kasoro iliyojirudia kuliko zote ni ya kidevu. Mtu anaigandamiza barakoa usoni kwa kiganja kizima, kidevu kinaingia kifuani, shingo inajikunja, hewa haina pa kupita. Anaminya, anaminya tena, kifua cha mdoli hakinyanyuki, na yeye macho yake yako kwenye ambu badala ya kifuani. Kasoro ya pili ni kunyonya uchafu kwa muda mrefu kwa mtoto ambaye mdomo wake ni msafi.

Sekunde hizo zina gharama. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Nimeiandika takwimu hiyo kwa kalamu nene na kuibandika juu ya meza ya kuwahudumia watoto.

Januari, mwishoni

Suala la wiki hii limeonekana dogo kwenye kikao, ila kwangu ndilo lililobeba mradi wote: mdoli ukae wapi.

Miaka yote vifaa vya kufundishia vimefungiwa kabatini, ofisini kwa muuguzi mfawidhi. Sababu ni njema, vitu vya wodini hupotea. Lakini mdoli wa kabatini huhitaji ufunguo, na ufunguo huhitaji mtu ambaye saa nane usiku yuko nyumbani kwake amelala. Tumekubaliana mdoli ukae kwenye rafu ya pembeni, hatua chache kutoka meza ya watoto, pamoja na ambu yake, barakoa mbili za saizi tofauti, pengwini, yaani kile kifaa cha kuminya cha kunyonyea uchafu, na vitambaa viwili. Ambu ya mazoezi imefungwa utepe mwekundu ili isichanganywe na ya watoto. Kila zamu inaisaini seti hiyo kwenye daftari la makabidhiano kama inavyosaini dawa.

Mdoli wenyewe ni wa kujazwa maji. Ukishajaa unakuwa na uzito wa mtoto mchanga na kichwa kinaning'inia usipokishika, jambo ambalo picha ya ukutani haiwezi kumfundisha mtu. Maji ya uvuguvugu ni bora zaidi. Mkono unapata hisia ya mtoto halisi.

Februari

Tumeanza. Utaratibu ni mwepisi kwa makusudi. Baada ya ripoti ya makabidhiano, kabla zamu inayotoka haijaaga, mtu mmoja anachaguliwa. Mwenzake anashika saa. Zoezi moja, kuanzia mtoto anapotoka hadi kifua kinaponyanyuka. Kisha maswali mawili tu: nini kimekwenda vizuri, nini tubadilishe kesho. Dakika tano, watu wanaendelea na kazi. Kila mmoja afikiwe angalau mara moja kwa wiki.

Muuguzi mfawidhi alipendekeza tuanze kwa kuisoma chati, ndipo tufanye. Nimeomba tugeuze, tufanye kwanza, chati ije baadaye kwa anayetaka kuhakikisha jambo. Msimamo huu una ushahidi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi makala wasome. Kundi moja likarudia kuyasoma, jingine likatakiwa kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioonekana wanajua zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 56 ya makala yale vichwani, waliorudia kusoma asilimia 42. Mkunga akisimama mbele ya mdoli na kuanza kujiuliza "sasa nifanye nini", kule kujiuliza ndiko kunakomfundisha. Tukimsomea chati kwanza tunamwondolea.

Mfawidhi amekubali, na tangu hapo yeye mwenyewe hujitokeza wa kwanza siku za Jumatatu. Watu wamelipenda hilo. Mkubwa akikosea mbele ya wadogo, naye akarudia papo hapo, hakuna anayeona haya tena.

Februari, katikati

Posho. Lazima niliandike kwa uwazi kwa sababu bila kulishughulikia mradi utakufa.

Kwa mazoea yetu, mafunzo ni kusafiri, kusaini mahudhurio na kulipwa posho. Posho si anasa. Kuna wenzetu ambao ndiyo ada ya mtoto shule. Sasa tumeleta mafunzo yasiyo na safari wala saini ya malipo, na wapo waliouliza kwa heshima kabisa iwapo hospitali inakwepa kuwalipa. Swali lao ni halali na nimelipeleka kwenye kikao lilivyo. Jibu lililopatikana lina sehemu mbili. Kwanza, zoezi linafanyika ndani ya saa za kazi, halimchukulii mtu muda wake wa kupumzika. Zamu ikizidiwa na wagonjwa, zoezi linasogezwa. Pili, semina za nje hazifutwi. Anayekwenda semina akirudi ndiye anayeongoza mazoezi wiki inayofuata, na kazi hiyo inaandikwa kwenye tathmini yake ya utendaji. Hilo la pili ndilo lililotuliza watu, maana tathmini inahusu kupanda daraja.

Machi

Mganga mfawidhi aliniita. Alitaka kujua kwa nini tusilete tu mkufunzi kwa siku moja, wote wafundishwe, kazi iishe. Ni mtu wa takwimu, kwa hiyo nilimpelekea za Haydom, na naziweka hapa kwa ajili ya atakayeulizwa swali hilohilo.

Aprili 2010 Haydom walifanya mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe (kuwasaidia watoto kupumua), yale tunayoyaita HBB, yaliyoandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na washirika wake. Miezi saba baadaye wahudumu walipimwa tena kwa mdoli. Walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo, tena kwa tofauti kubwa. Lakini walipoangaliwa wakiwahudumia watoto halisi chumbani, namna yao ya kazi haikuwa imebadilika. Siku moja ya darasa iliishia kwenye mdoli.

Februari 2011 walibadili mkondo. Zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, ndani ya chumba cha kujifungulia, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Walilinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada, uzazi 4,894 kwa 4,814. Watoto waliosuguliwa waliongezeka, waliohitaji ambu wakapungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, na vifo ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Mganga alinyamaza kidogo, akauliza kama hiyo haiwezi kuwa bahati ya hospitali moja. Nikamwonyesha matokeo ya Safer Births, mpango wa kufanya uzazi uwe salama zaidi, yaliyochapishwa 2025: hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, jozi za mama na mtoto zipatazo 300,000. Mpango ule ulikuwa na mambo mengi kuliko zoezi peke yake. Kulikuwa na vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto na mfumo wa kutumia takwimu za kituo chenyewe. Ila uti wa mgongo wake ulikuwa huuhuu, mazoezi mafupi ya mara kwa mara mahali pa kazi. Vifo vya watoto vya kipindi cha kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000.

Ameidhinisha mdoli wa pili. Utakwenda jengo la upasuaji, maana watoto wa kisu nao huzaliwa wamechoka, na timu ya huko ni tofauti.

Machi, mwishoni

Zamu ya usiku. Mpaka sasa ndiyo iliyokuwa nyuma, na kwa haki. Watu ni wachache na hakuna wa kuwaongoza. Nimeomba kukaa nao.

Daktari wa mafunzo kwa vitendo aliingia karibu na alfajiri, bado mgeni wodini. Mkunga mkuu wa zamu, mama aliyezalisha nusu ya mji huu, alikuwa anapanga vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa. Huyu katoka sasa hivi, halii."

Kijana akacheka, kisha akaona mama hacheki. Akafuta, akasugua, akachukua ambu. Kifua hakikunyanyuka. Akaminya kwa nguvu zaidi.

"Usimwonee," mama akamwambia, akamshika vidole. "Hivi viwili vizunguke barakoa juu. Hivi vitatu viwe chini ya taya, vilete taya kwenye barakoa. Usiisukume barakoa iifuate taya. Haya, hesabu kwa sauti."

"Moja, mbili, tatu. Moja..." Kwenye kila moja aliminya, na kifua kikaanza kupanda na kushuka, mwendo wa kama mara 40 kwa dakika. Mama akamwachia mkono bila kumwambia, naye akaendelea peke yake.

Maneno yale ya "lete taya kwenye barakoa" nimeyaandika kwenye kadi ya zoezi. Nimewahi kuisoma miongozo mingi. Hakuna ulionieleza vizuri namna ile. Ujuzi wa aina hii umo wodini tayari, kwa watu waliokaa miaka mingi, na haujaandikwa popote. Mama huyu anastaafu mwakani. Kuanzia wiki ijayo, kila kiongozi wa zoezi anaandika mwishoni mwa kadi jambo moja alilolisikia kwa mwenzake mzoefu.

Aprili

Mvua. Barabara ya tarafani imekatika, rufaa zinachelewa kufika, wodi imejaa. Mazoezi yamepungua lakini hayajasimama. Kwa wastani, zamu ya jioni wamefanya mengi kuliko ya asubuhi.

Mei

Tukio la kweli, na lazima liingie kwenye shajara kwa undani.

Mtoto alizaliwa ana rangi ya bluu, hana nguvu. Aliyempokea alifuta na kusugua, akamhamishia mezani, akaweka barakoa, akaminya. Ambu ilijaa na kuminyika kama kawaida, kifua kikabaki kimya. Akarekebisha kichwa. Akarudia barakoa. Akafungua mdomo kidogo, akatazama uchafu. Bado. Hapo akasema kwa sauti: "Ambu nyingine." Mhudumu wa afya aliyekuwa anafagia pembeni aliangusha fagio na kumpa ile yenye utepe mwekundu. Kifua kikanyanyuka. Mtoto alilia, yuko na mama yake.

Baadaye tuliifungua ile ambu ya kwanza. Kile kivalvu laini cha mbele, chenye umbo la mdomo wa bata, kilikuwa kimerudishwa vibaya baada ya kusafishwa, hewa ilikuwa inatokea pembeni. Anayeosha vifaa hajawahi kuonyeshwa namna ya kuviunganisha, na hakuna aliyewahi kuwaza kuwa naye ni sehemu ya timu inayopaswa kufundishwa.

Tumefanya mabadiliko mawili siku hiyohiyo. Zoezi sasa linaanza kwa kukagua ambu: ziba barakoa kwa kiganja, minya, usikie ukinzani na sauti ya kivalvu cha usalama kikifunguka; achia, uone inajaa yenyewe. Na wahudumu wote wa usafi na uchemshaji wa vifaa wameingizwa kwenye ratiba. Wanajifunza kuifungua ambu vipande vyote na kuirudisha macho yakiwa yanatazama pengine. Tulipowapa cheti cha wodi, dada mmoja alisema amefanya kazi hapa tangu jengo halijapigwa rangi ya kwanza na hajawahi kuitwa kwenye mafunzo yoyote. Natamani kila mwenye kupanga bajeti ya mafunzo ausikie usemi huo. Dada yuleyule, zamu ya mchana, ndiye anayewakagulia wakunga ambu zao sasa.

Kuhusu kikao cha baada ya tukio: kilifanyika palepale, watu wamesimama, bila karatasi ya kujieleza. Nimesisitiza hilo kwa mfawidhi. Wakunga wakijua kila tukio litaishia kwenye barua, wataanza kuficha, na kivalvu kama kile hakitaonekana mpaka mtoto afe.

Juni

Barua ya uhamisho imefika. Kiongozi wetu bora wa mazoezi anakwenda kituo cha afya cha pembezoni. Mwaka jana barua kama hii ingetuulia kila kitu. Mtu mmoja akiondoka, mafunzo yake yanaondoka naye. Safari hii kila zamu ina viongozi wawili, na anayefuata kwenye orodha ameshaongoza mazoezi akiwa na yule anayeondoka pembeni yake. Jumatatu zoezi limefanyika kama kawaida.

Ameomba apewe mdoli aende nao. Hatuna wa kumpa, ila tumemnakilia kadi zote na kumwachia ambu moja ya zamani kwa mazoezi. Kituo chake kinatuletea rufaa, hivyo mkono wake huko ni faida kwetu hapa.

Nimepitia kwa pamoja daftari la mazoezi na kitabu cha 12 cha MTUHA, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, ambacho ndicho cha wodi ya wazazi. Kuhusu vifo sisemi neno; hospitali moja kwa miezi michache haina watoto wa kutosha kuthibitisha chochote, na sitaki mtu achukue namba zetu azitembeze. Ninachoweza kukiona ni mwenendo wa mikono. Kwenye mazoezi, wengi sasa wanafikia hewa ya kwanza inayonyanyua kifua ndani ya dakika ya kwanza. Unyonyaji usio na sababu umepungua sana. Waliobaki nyuma ni wa jengo la upasuaji, ambako mazoezi yalichelewa na viongozi bado ni wapya. Huko tunaongeza nguvu.

Jambo jingine limejitokeza ambalo sikulitegemea kwa kasi hii. Wakunga wameanza kuomba mazoezi ya mambo mengine. La kwanza kwenye orodha yao ni mama kutokwa na damu baada ya kujifungua. Wana sababu nzuri. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia shuka la plastiki lenye alama za kupimia damu chini ya mama, na hatua zote za matibabu kutolewa kwa mkupuo mmoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa za kulibana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia kuzuia damu kutoka), dripu, na kumchunguza kuona damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kila moja ya hatua hizo tunaijua. Kuzifanya zote ndani ya dakika chache, watu watatu mama mmoja, hilo linahitaji kuzoezwa.

Julai, mwanzoni

Ratiba ya robo ijayo imebandikwa. Jumatatu hadi Jumatano mdoli unabaki kama ulivyo. Alhamisi ni zoezi la damu, zamu nzima kwa pamoja, kila mtu na nafasi yake: mmoja kwenye tumbo, mmoja dawa na dripu, mmoja kupima, kuandika na kuita msaada. Nafasi zinazungushwa kila wiki ili asiwepo mtu anayejua kazi ya mkono mmoja tu. Shuka za kupimia bado hazijafika stoo. Mpaka zifike tunapima kwa mabeseni ya lita na kufundishana kukadiria, na maombi ya shuka yako mezani kwa mfamasia.

Jengo la upasuaji wanapata viongozi wawili kutoka wodi ya wazazi kwa mwezi mzima, zamu ya asubuhi.

Madaktari wapya wa mafunzo kwa vitendo wanaripoti wiki ijayo. Siku yao ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa chumba cha kupumzikia, watapelekwa kwenye rafu ya pembeni. Mama mkunga mkuu ameomba awe yeye wa kuwapokea, na kijana wa usiku ule wa Machi ndiye atakayeshika saa.